Kupunguzwa kazini na kuchagua njia katika kazi za teknolojia: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Nimeandika programu kwa mshahara kwa miaka mingi. Katika miaka hiyo nimepunguzwa kazini mara moja, na mara moja nyingine nilikaa upande wa pili wa meza, orodha ya majina ikiandaliwa. Maswali yaliyo hapa chini ndiyo ninayoulizwa zaidi na wenzangu, wengi wao bado wana kazi ila usingizi umewaruka. Majibu ni ya mtu mmoja. Penye sheria, tafuta mwanasheria anayeijua sheria ya kazi ya nchi uliyoajiriwa.

Kampuni inapata faida kubwa. Iweje ipunguze watu?

Hili linawachanganya wengi kwa sababu tumezoea kudhani kwamba kampuni hupunguza watu ikishindwa kuwalipa. Tazama yaliyotokea mwishoni mwa 2022 na mwanzoni mwa 2023. Meta, kampuni mama ya Facebook, ilitangaza kuondoa watu 11,000 mnamo Novemba 2022, ikaongeza 10,000 Machi iliyofuata. Januari 2023 Microsoft ilitangaza 10,000, na Alphabet, kampuni mama ya Google, 12,000. Hakuna hata moja kati ya hizo iliyokuwa imeishiwa pesa za mishahara. Zote zilikuwa zikiingiza faida ya mabilioni ya dola.

Sababu ya kwanza: walikuwa wameajiri kupita kiasi. Wakati wa korona watu walijifungia ndani, wakanunua na kufanya kazi mtandaoni, na wakuu wa kampuni wakaamini mambo yatabaki hivyo. Mark Zuckerberg, mkuu wa Meta, aliwaandikia wafanyakazi wake kwamba alitarajia ukuaji ule uendelee, na kwamba alikosea. Tobi Lütke, mkuu wa Shopify, kampuni ya mifumo ya maduka ya mtandaoni, alikuwa ameshakiri jambo kama hilo Julai 2022, alipoondoa takriban mtu mmoja katika kila kumi. Waliobashiri vibaya walibaki ofisini. Walioajiriwa kwa ubashiri ule ndio waliofungasha.

Sababu ya pili ni riba. Benki Kuu ya Marekani ilishusha riba hadi karibu na sifuri Machi 2020, ikaiacha hapo miaka miwili, kisha ikaanza kuipandisha hadi ikafika kati ya asilimia 5.25 na 5.50 Julai 2023. Utauliza riba inamhusu nini mtu anayetengeneza ukurasa wa malipo. Inamhusu sana. Pesa isipozaa chochote benki, mwekezaji yuko radhi kusubiri miaka kumi mradi wenu uzae. Ikianza kumzalia asilimia 5 huku yeye amelala, anataka faida yenu mwaka huuhuu, na hakuna njia ya haraka ya kuonyesha faida mwaka huuhuu kuliko kufuta mishahara.

Ya tatu haisemwi sana, nayo ni kodi. Sheria ya kodi ya Marekani ya mwaka 2017 ilikuwa na kifungu kilichoanza kuuma 2022. Kabla yake, mshahara wa mwandishi wa programu uliweza kuhesabiwa wote kuwa gharama ya mwaka uliolipwa. Kuanzia 2022 ilibidi gharama hiyo igawanywe kwa miaka 5, au miaka 15 kwa kazi iliyofanyika nje ya Marekani. Chukua kampuni ndogo iliyoingiza dola milioni 1 na kuwalipa waandishi wake, wote wakiwa Marekani, dola milioni 1 hiyohiyo. Kwa akili ya kawaida haikubaki na kitu. Kwa hesabu ile mpya, mwaka wa kwanza iliruhusiwa kutoa dola 100,000 tu, hivyo ikaonekana imepata faida ya dola 900,000 na kudaiwa asilimia 21 yake: dola 189,000 ambazo haina. Mwaka 2025 kifungu hicho kililegezwa kwa kazi inayofanyika ndani ya Marekani, lakini kufikia hapo kampuni nyingi ndogo zilikuwa zimeshapiga hesabu zake.

Nimelieleza hili kwa urefu makusudi. Angalia tena sababu zote tatu, kisha nionyeshe ni ipi iliyotokana na mtu kuandika msimbo mbaya.

Basi nitajuaje kama kazi yangu iko hatarini?

Jiulize mshahara wako unatoka mfukoni mwa nani. Swali hili ni jepesi, lakini nimekutana na mainjinia wenye uzoefu wa miaka kumi wasioweza kulijibu kuhusu mradi wao wenyewe.

Kuna mshahara unaolipwa na mteja: mtu ananunua huduma, pesa inaingia, sehemu yake inakufikia. Ukiondoka, mteja anahisi. Kuna mshahara unaolipwa na mwekezaji: hakuna anayenunua bado, mnaishi kwa pesa iliyotolewa kwa matumaini, na pesa hiyo ina tarehe ya kwisha ambayo mkuu wenu anaijua hata kama haitaji. Kuna na wa tatu, ulio wa hila zaidi, unaolipwa na faida ya idara nyingine. Upo kwenye kampuni tajiri, jengo zuri, chakula cha bure, ila mradi wako haujawahi kuingiza hata senti moja. Unabebwa na matangazo au programu za ofisi zinazouzwa ghorofa ya chini. Wa aina hii ndio hushangaa kuliko wote siku ya siku, kwa sababu walikuwa wakitazama afya ya kampuni badala ya afya ya mradi.

Dalili ndogondogo zipo pia. Mtu anaacha kazi na nafasi yake haijazwi. Safari zinasitishwa. Mradi wenu unaondolewa kwenye kikao cha mkurugenzi, eti mtatuma taarifa kwa barua pepe. Washauri wa nje wanaomba kila mtu aandike anachofanya kwa wiki. Dalili moja peke yake haina uzito. Zikifika tatu, fungua wasifu wako uanze kuusahihisha.

Nikipunguzwa, ina maana sikuwa mzuri?

Orodha niliyoiona ilikuwa jedwali la kawaida la kompyuta. Safu ya kwanza jina, ya pili mradi, ya tatu mshahara, ya nne tarehe ya kuajiriwa. Juu paliandikwa kiasi cha pesa kinachotakiwa kuokolewa, na chini kulikuwa na jumla iliyokuwa ikipanda kila jina lilipopakwa rangi ya njano. Jumla ya chini ilipolingana na ya juu, kikao kikaisha, watu wakachukua makoti yao. Dada mmoja aliyekuwa akiamka usiku kuzinyanyua seva zilizoanguka alipakwa njano kwa kuwa mradi wake ulifutwa. Jedwali halikuwa na safu ya kuamka usiku.

Wapo wanaoondolewa kwa uzembe, sikatai. Ila hao kwa kawaida huitwa mmojammoja na huonywa kwanza. Ukiondolewa siku moja na watu mia, umeondolewa na hesabu.

Siku yenyewe inakuwaje?

Haraka kuliko unavyofikiri. Yangu ilinikuta asubuhi nikirekebisha hitilafu ya tarehe, ankara zilizokuwa zikitoka na siku moja nyuma. Ukaingia mwaliko kwenye kalenda: kikao cha dakika 15, hakina ajenda, na ndani yake jina la mtu wa rasilimali watu ambaye hatujawahi kusalimiana. Kikachukua dakika nane. Nilipofunga dirisha la video nikakuta sanduku la barua linanitaka niingie upya. Nikaandika nenosiri, likakataa. Nikaliandika tena polepole, herufi mojamoja, nikidhani vidole vimenikosesha. Hadi leo sijui kama zile ankara zilirekebishwa.

Kwa hiyo yafuatayo fanya mapema, ukiwa bado na kazi. Weka nakala za mkataba wako, hati za mshahara na barua za tathmini mahali pasipo mikononi mwa mwajiri. Chukua namba za simu za wenzako, kwa kuwa majina yao yote yamo kwenye mfumo ambao utafungiwa nje. Kila mwezi andika mistari michache ya ulichofanya na kilicholeta: kurasa zilikuwa zinafunguka kwa sekunde 9, sasa ni 2. Baada ya mwaka mmoja utakuwa umesahau. Msimbo wa kampuni usiuguse. Si wako, na kuuhamisha kunaweza kukugeuza kutoka mdai kuwa mdaiwa.

Nisaini karatasi wanazonipa?

Siku hiyohiyo, hapana. Karatasi nyingi za kuachana zina kifungu cha kukubali kwamba hutawashtaki, na malipo ya ziada ndiyo bei ya kifungu hicho. Omba siku kadhaa, soma, mpe mtu mwingine asome. Hesabu mwenyewe siku za likizo ulizobakiza na malipo ya notisi.

Sheria hutofautiana sana. Mkataba namba 158 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1982, unataka mwajiri awe na sababu halali na atoe notisi ya kutosha au fidia, lakini unazibana nchi zilizouridhia tu. Marekani haimo. Huko kuna sheria ya 1988 inayowataka waajiri wenye wafanyakazi 100 au zaidi kutoa notisi ya siku 60 kwa upunguzaji mkubwa, na ndiyo maana baadhi ya watu hubaki kwenye orodha ya mishahara miezi miwili bila kufanya kazi. Aliye huko kwa H-1B, viza ya kazi ya wataalamu wa kigeni, kwa kawaida ana hadi siku 60 tangu ajira ikome kupata mwajiri mwingine, kubadili hadhi yake au kuondoka. Huyo hana anasa ya kupumzika kwanza.

Na hisa, zile ambazo kampuni nyingi za teknolojia huwapa wafanyakazi kama sehemu ya malipo. Utaratibu uliozoeleka ni hisa kuiva, yaani kuwa zako kidogokidogo, kwa miaka 4, na mwaka wa kwanza ukiondoka kabla haujatimia huambulii kitu. Haki ya kununua hisa, hata zilizokwisha kuiva, mara nyingi hufa siku 90 baada ya kuondoka. Watu hupoteza haki hizo kwa sababu tu barua ya kuzieleza iliingia kwenye sanduku walilofungiwa.

Kampuni changa au kampuni kubwa?

Wahenga walisema usiache mbachao kwa msala upitao, nami nimewaona waliouacha na wakafanikiwa, kwa hiyo sitajificha nyuma ya methali. Kwenye kampuni changa utagusa kila kitu: hifadhidata asubuhi, simu ya mteja mchana, seva usiku. Miaka miwili hapo hufundisha kuliko mitano ya kubadilisha rangi ya vitufe kwenye kampuni kubwa. Ila hisa za kampuni changa zihesabu kuwa sifuri unapolinganisha mishahara. Zikija kuwa na thamani, utafurahi.

Kabla ya kukubali, uliza mambo mawili: pesa iliyopo inatosha miezi mingapi, na wateja wanaolipa ni wangapi. Mwanzilishi anayekujibu kwa namba unaweza kuongea naye. Anayekujibu kwa kukueleza ndoto yake, mpongeze, halafu urudi kwenye swali la namba.

Akili unde itachukua kazi ya kuandika programu?

Tuanze na kalenda. Meta ilitangaza kuondoa watu 11,000 tarehe 9 Novemba 2022. ChatGPT ilitolewa tarehe 30 Novemba 2022. Wimbi lile la kwanza, basi, haliwezi kubebeshwa mashine ambayo watu walikuwa hawajaiona. Tangu hapo akili unde imekuwa maelezo matamu kwa kila anayetaka kupunguza watu, maana kusema mnakumbatia teknolojia mpya kunawapendeza wenye hisa kuliko kusema mlipiga hesabu vibaya.

Na ubashiri wa wakubwa una historia yake. Mwaka 2016 Geoffrey Hinton, mmoja wa waasisi wa fani hii, alisema ni wakati wa kuacha kufundisha madaktari wa kusoma picha za eksirei, kwa kuwa pengine ndani ya miaka mitano mashine ingewapita. Madaktari hao bado wanatafutwa. Klarna, kampuni ya malipo ya Sweden, ilitangaza 2024 kwamba mfumo wake wa mazungumzo unafanya kazi ya wahudumu 700. Mwaka 2025 mkuu wake akakiri kwamba kubana gharama kuliushusha ubora, na kampuni ikarudi kutafuta binadamu.

Hata hivyo nitakudanganya nikisema hakuna kilichobadilika. Naitumia kila siku. Fomu ambayo ningemwachia kijana mpya siku mbili, mashine inaitoa kabla chai haijapoa, na mara nyingi iko sawa. Mara nyingine iko sawa kwa sura tu: wiki chache zilizopita ilinitengenezea kipande safi cha kukokotoa riba, majaribio yote yakapita, kumbe ilikuwa imeandika na yale majaribio yaendane na kosa lake. Aliyegundua ni mtu anayejua riba hukokotolewaje. Mtu huyo ana kazi.

Ninachokihofia ni ngazi ya chini kabisa. Kazi ndogondogo ndizo zilizotukuza sisi tunaoitwa wakongwe leo, na kampuni ikiziacha zote kwa mashine, haimwajiri tena anayeanza. Baada ya miaka kumi atakayeikagua mashine atatoka wapi? Sijaona bajeti ya kampuni yenye mstari wa jambo hilo.

Nimemaliza masomo na hakuna anayeniajiri. Nifanye nini?

Kwanza, si wewe peke yako. Umeingia sokoni pamoja na maelfu waliopunguzwa wenye uzoefu wa miaka mitano, nao wanaomba nafasi zilezile. Kutuma maombi mia kwa wasifu uleule ni kuungana na foleni ndefu. Niliwahi kuchuja maombi ya nafasi moja na nikakuta miradi ileile ya darasani imejirudia: orodha ya mambo ya kufanya, ukurasa wa hali ya hewa. Aliyenisimamisha alikuwa ametengeneza programu ya kufuatilia dawa za bibi yake, isiyopendeza kwa sura, lakini bibi alikuwa akiitumia kweli, na kijana alinieleza mambo matatu ambayo bibi aliyakataa na alivyoyabadilisha.

Pili, usiogope kuingilia mlango wa pembeni. Hospitali, mashirika ya usafirishaji, viwanda, bima na taasisi za serikali zote zina watu wa programu, na mshahara wao hulipwa na kazi ambayo watu wataendelea kuihitaji. Hakuna anayejisifu sherehani kwamba anatunza mfumo wa ghala. Sherehe zikiisha, ghala lipo.

Nijifunze lugha gani ya programu ambayo haitakufa?

Lugha haifi ghafla. Apple ilitoa iPhone 2007 bila Flash, teknolojia ya Adobe ya kuonyesha video na michezo kwenye kurasa za wavuti, Steve Jobs akaandika waraka wa wazi wa kuipinga 2010, na Adobe ikaizika rasmi mwisho wa 2020. Aliyekuwa akila kwa Flash alikuwa na zaidi ya miaka kumi ya kuhama. Kwa upande mwingine COBOL, lugha ya programu ya zamani, ilizaliwa 1959, na Aprili 2020, waliopoteza kazi kwa korona walipofurika kuomba msaada, gavana wa New Jersey alikuwa akiomba hadharani wajuzi wa COBOL wajitokeze kusaidia mifumo ya jimbo. Sikushauri ukimbilie COBOL. Ila SQL, lugha ya kuulizia data kwenye hifadhidata, iliyotoka miaka ya 1970, ijue mpaka uiote. Jua jinsi data inavyosafiri mtandaoni. Jua kusoma msimbo wa mtu aliyeondoka bila kuacha maelezo. Mengine utayajifunza kazini kwa wiki chache.

Niwe meneja ili niwe salama?

Kama unapenda kulea watu, ndiyo. Kama ni kwa ajili ya usalama, la. Mwaka 2023, ambao Meta iliuita mwaka wa ufanisi, ngazi za mameneja zilikuwa miongoni mwa zilizolengwa, na wengine walitakiwa kurudi kuandika msimbo ambao walikuwa hawajaugusa kwa miaka.

Nimevuka 40. Nimeshachelewa?

Ubaguzi wa umri upo na huvaa nguo nzuri: utaambiwa una uzoefu mkubwa mno kwa nafasi hii. Usipoteze muda kubishana nao. Nenda kwenye shida ambazo vijana hawajawahi kuziona, kama kuhamisha mfumo wa zamani bila kuusimamisha. Kwenye wasifu, kata miaka ya mwanzo uiache kumi na tano ya karibuni. Na piga simu: umri wako huu una faida moja, uliofanya nao kazi sasa wametawanyika kwenye kampuni nyingi, na wengine ndio wanaoajiri.

Akiba iwe kiasi gani?

Miezi sita ya matumizi halisi. Ukiwa na wategemezi au viza, jitahidi ifike tisa. Na usipandishe maisha yako kila mshahara unapopanda.

Nisemeje kwenye usaili wakiniuliza kwa nini niliondoka?

Sentensi moja: kampuni ilifunga mradi wetu, tukaondolewa wote. Kisha nyamaza. Ukiendelea kueleza utaanza kujitetea, na hakuna aliyekushtaki. Usimseme vibaya mwajiri wa zamani hata kama anastahili. Msaili atajiona yeye ndiye atakayesemwa kesho.

Zamu yako ya kuuliza ikifika, uliza lile swali: mradi huu unalipwa na pesa ya nani? Niliwahi kumwuliza hivyo msaili mmoja, mtu mkarimu, tuliyekuwa tumeshazungumza saa nzima. Akatazama karatasi zake, akazigeuza, akasema ataniandikia. Bado hajaniandikia.